Filamu ya mwanamuziki mtata: anza na mama yake

GG Allin, mwimbaji wa pank (roki ya fujo) wa Marekani, alifariki New York tarehe 28 Juni 1993 kwa kuzidisha heroini. Jukwaani alijikata, alijipaka kinyesi na kupigana na watazamaji. Ukifungua filamu ya mtu kama huyu na vurugu hizo, mtazamaji keshahukumu, na mama akitokea baadaye ataonekana wakili wa mwanawe tu. Tanguliza jikoni kwa mama, jukwaa lifuate.

Mhoji mama siku yake na kaka siku yake, ndipo uwakalishe pamoja. Wakianza pamoja, mmoja humkatiza mwenzake na kumbukumbu mbili zinageuka moja. Achana na "ulijisikiaje?" Uliza kuhusu kitu cha kushika. Cheti cha kuzaliwa, kwa mfano: baba alimpa mtoto jina Jesus Christ, kaka yake Merle akashindwa kutamka "Jesus", ikawa "Jeje", ndiyo GG. Kabla hajaanza shule mama akalibadilisha jina hilo kuwa Kevin Michael. Piga picha za mikono ikishika karatasi, angalau sekunde 10 kila picha; hizo ndizo zitakazoficha mikato ya mahojiano.

Zima friji ili mlio wake usiingie kwenye sauti, na ufunguo wa gari uweke humo humo, usije ukaondoka bila kuliwasha, nyama ya wenyeji ikaoza. Rekodi sekunde 60 za chumba kikiwa kimya, za kuzibia mapengo ya sauti wakati wa kuhariri. Umeme wa Marekani ni hezi 60, kwa hiyo shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/60 ya sekunde. Ukiacha 1/50 ya kwetu, ambako umeme ni hezi 50, baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha.

Kanda za zamani za video, za VHS, ndizo zenye kazi. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu: usiitie kwenye deki, itachafua vichwa vya kusomea utepe na kuambukiza kanda nyingine. Kanda isiyo na kuvu ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, kisha nakili mara moja. Za Marekani ni za mfumo wa video wa NTSC, fremu 29.97 kwa sekunde. Nakili hivyo hivyo. Ukizilazimisha ziwe fremu 25 za kwetu wakati wa kunakili, mwendo utakuwa wa kurukaruka, nawe huna tena nakala safi ya kurudia. Daima omba kanda ya kwanza, maana nakala ya nakala hupoteza rangi na sauti.

Haki ziko tatu: za utunzi, za rekodi, na za aliyeshika kamera. Zipate kwa maandishi kabla ya kuhariri.

Kaburini kwa GG, Littleton, New Hampshire, jiwe liliondolewa kwa sababu mashabiki walilinajisi. Ukipiga picha hapo, usionyeshe majina ya makaburi ya jirani.