Mbele ya kuweka portai ya grilaji kwa parseli, angalia kwanza chini

Ukiuliza mtu wa hapa Goma mwenye anataka kuweka portai ya grilaji (geti ya waya wa matundu) kwa parseli yake, yaani kiwanja chake, amefika wapi, atakuambia bei ya rulo kule Birere, atakuambia anataka ya kijani ama ile nyeupe ya kungaa, lakini ukimuuliza nguzo zitashikilia mu nini anakuangalia tu. Na mimi nilikuwa vile vile. Nilinunua grilaji nzuri kabisa, fundi akaanza kuchimba asubuhi, saa nne akaniita: "Papa, hapa ni jiwe tu, haiendi tena." Kuangalia shimo, kina chake ni kama kutoka kiwiko mpaka vidole, chini lava imelala kama meza. Akasema tutamwaga sima (saruji) mingi, itashika. Haikushika. Miezi mitatu tu portai ikaanza kulamba chini, kila asubuhi mtoto anainyanyua na bega ndio ifunguke, na pale kwa sakafu kukatokea mchoro wa nusu duara, ukauona kabisa kama mtu amechora na msumari.

Basi kitu cha kwanza, mbele hata hujaenda kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi): chimba shimo moja la kujaribu pale pale nguzo itasimama. Goma si udongo, sisi tunakaa juu ya volkano, na hata mu avenue moja unaweza kukuta parseli mbili hazifanani. Kwenye lava ya 17 Januari 2002 ilipita, ile iliyokata mji katikati mpaka ikaingia mu ziwa, unaweza kukuta jiwe gumu kwa santimita ishirini. Kwingine ni vile vijiwe vyeusi vyepesi, unachimba vizuri lakini ukuta wa shimo unamomonyoka, shimo la santimita 40 linakuwa la mita. Kila moja iko na dawa yake.

Ukipata vijiwe vilegevu, ondoa vyote vyenye vinacheza, shuka mpaka santimita 70 ama 80, na umwage beto (zege) mpaka iguse kuta za shimo, usirudishe vijiwe pembeni ya beto halafu useme umeshindilia. Ukipata jiwe gumu, usipigane nalo siku tatu na mtaimbo na mase (nyundo kubwa). Toboa lile jiwe na mashine, ingiza vyuma vya beto vinne kwa kila nguzo, vifunge na sima yenye haina maji mengi, kisha ujenge kiatu cha beto juu yake chenye kinashika nguzo. Halafu kuna kitu kingine mafundi wengi hawakuambii juu wanaona ni kazi ya bure: unganisha nguzo mbili kwa chini. Unamwaga boriti ya beto na vyuma ndani, kutoka nguzo moja mpaka nyingine, inapita chini ya mlango, gari inaikanyaga tu. Portai ikivuta nguzo kuinama ndani, ile boriti inaikatalia. Kwa parseli yenye jiwe liko karibu, kwangu hiyo boriti ni muhimu kuliko grilaji yote.

Na niseme hapa kidogo, kama unakaa upande wa kuelekea Sake, mu sehemu ya chini chini yenye wazee wanasema kuna mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini, usimwache mtu aingize kichwa mu shimo asubuhi mapema wakati upepo haujaamka. Ile hewa ni nzito, inalala chini, na haina harufu ya kukuonya. Ngoja jua lipande.

Sima sasa. Shimo la santimita 40 kwa 40, kina 80, linakula karibu mfuko mmoja wa kilo 50, ukichanganya sima moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Kwa hiyo nguzo mbili ni mifuko miwili, na boriti uihesabie yake. Fundi akikuambia mfuko mmoja utatosha vyote, anaongelea shimo lile la kiwiko. Beto ikishamwagwa, funika na gunia lenye maji na uache siku 7 bila kutundika kitu. Najua, siku 7 parseli wazi ni usiku 7 bila kulala vizuri, sisi mara ya pili tulifunga na mbao na mabati ya zamani, jirani wakatucheka, lakini nguzo zilibaki wima.

Turudi nyuma kidogo juu niliruka kitu. Mipaka. Angalia borne zako (alama za mpaka) ziko wapi kweli, si pale ua wa jirani unafikia. Toa karatasi zako za parseli, ita jirani wa pande zote mbili, na umwambie shefu wa avenue mbele hujachimba. Ni mazungumzo ya nusu saa. Kuvunja nguzo yenye beto kwa sababu iliingia kwa mtu santimita 30, hiyo si nusu saa.

Upana. Watu wanapima gari, wanaongeza kidogo, wanasema inatosha. Gari inapita sawa kama inakuja moja kwa moja, lakini avenue zetu ni nyembamba, unaingia ukikata kona, na gari yenye inakata kona inataka nafasi kuliko upana wake. Mita 3 ni ya chini kabisa, mimi ningeweka 3 na nusu, kisha fikiria ile Fuso italeta mchanga siku utajenga anekse (nyumba ndogo ya nyongeza). Ukifika mita 3 na nusu gawa mara mbili, usifanye ubawa mmoja. Na kama uko na nafasi, weka mlango mdogo pembeni, mita moja tu, juu kufungua portai kubwa kila mara mtoto anaenda kuchota maji ni kuichosha bure. Ifungukie ndani. Ikifungukia inje itagonga mtu wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) mwenye mzigo wa viazi, na utalipa viazi. Ila kama ndani kunapanda, pima kwanza: ubawa ukizunguka kuelekea mlima utakwama katikati.

Grilaji yenyewe sitakawia sana. Matundu ya santimita 5 yanatosha kwa nyumba, yakiwa makubwa mguu wa mtoto unaingia vizuri na portai inakuwa ngazi. Waya, tafuta wa milimita 3. Hapa kuna ujanja mmoja wa kenkayeri: ile ya kijani yenye plastiki, wanakupimia na plastiki. Wanakuambia 3, chuma ndani ni 2. Omba kipande cha mwisho, kwangua plastiki na kisu, kata vipande vitano, uvipange pembeni pembeni juu ya rula. Vitano vikifanya milimita 15, sawa. Vikifanya 10, rudisha. Ile nyeupe isiyo na plastiki, kunja waya mara mbili tatu na uangalie kama ngozi yake inabanduka. Sumaku haitakusaidia, inashika yote. Angalia tena ncha za juu na za chini, kuna zenye zimekunjwa na zenye zimesokotwa zikabaki kali. Kali zinawekwa juu kama unataka kuzuia wezi, lakini kwa portai fupi yenye mikono ya watu inafika, weka zilizokunjwa.

Kutu usiichukulie kama ya Bukavu ama ya Lubumbashi. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, ukichanganyika na mvua unatoa maji yenye kula chuma, watu wa Rusayo wanajua mabati yao yanaisha namna gani. Basi nguzo na fremu zipigwe antiruyi (dawa ya kuzuia kutu) mbele ya rangi, si rangi peke yake, na kila tiyo (bomba la chuma) ifungwe kifuniko juu. Tiyo wazi inakunywa mvua miaka yote na inaozea ndani, inje bado unaona rangi inangaa. Juu ya beto ya nguzo pia, inamisha kidogo kila upande ili maji yakimbie.

Kama fundi wa vyuma, ajistere, anachomea tiyo ya galvanize (yenye imepakwa zinki), mwambie akwangue ile ngozi nyeupe kwanza pale atachomea, juu moshi wake unampa mtu homa na kikohozi usiku, na akimaliza apake rangi ya zinki pale pale mbele ya kitu kingine, kwa sababu moto umeshaondoa kinga. Kutu inaanziaga pale pale kwa kiungo.

Fremu. Ubawa wa karibu mita 1.70 kwa 1.80, tiyo ya milimita 40 yenye unene wa 2, pamoja na grilaji, ni karibu kilo 25. Ukitumia tole (bati nzito la chuma) ya milimita 1 na nusu unapita kilo 50, na tole inashika upepo kama tanga, grilaji inauacha upite, ndio maana kwa nguzo zetu hizi grilaji iko na faida hata kama kila mtu anaona unapika nini. Lakini kilo 25 ni za ubawa peke yake. Watoto wawili wakipanda kwa ncha wakabembea, hesabu nyingine hiyo, na watapanda.

Kwa hiyo lazima kuwe na chuma cha kukata fremu pembe kwa pembe, na upande wake si bahati nasibu. Kianze chini, kwa kona ya bawaba, kiende mpaka kona ya juu ya upande wa kufuli. Hapo kinasukuma ile kona ya mbali isianguke. Portai nyingi mu kartie zetu zimekigeuza, kinatoka juu ya bawaba kushuka chini kwa kufuli: hapo kinavuta badala ya kusukuma, na hata chuma chembamba kinashika kama kimechomewa vizuri kwa ncha zote mbili. Enda kwa ajistere mbele hajachomea, chora na chaki chini, umwonyeshe.

Bawaba mbili, na ya juu mwambie aigeuze, pini iangalie chini wakati ya chini inaangalia juu. Zikiangalia juu zote mbili, mwizi hahangaiki na kadena (kufuli), anainua tu ubawa na kuuweka pembeni kama sufuria. Chini ya portai acha santimita 5 mpaka 8, na kati ya ubawa na nguzo acha santimita mbili tatu, usibane. Baada ya volkano ya 22 Mai 2021 tuliona namna ardhi ilitetemeka siku nzima nzima, nguzo ikisogea kidogo tu portai iliyobanwa haifunguki, na ule si usiku wa kutafuta nyundo. Kwa sababu hiyo hiyo funguo ya kadena sisi tuna mbili, moja inatundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mtu wa nyumba anaijua, hata yule mdogo.

Siku ya kutundika, pima umbali kati ya nguzo juu, katikati na chini. Kwetu mara ya pili ilikuwa 3.52 juu na 3.50 chini, fundi mpya akanyamaza, akachukua tena kamba ya plombe (timazi), akaanza upya. Nilimlipa na soda juu yake.