Kutafuta Picha Zenye Leseni Huria na Kuzitumia kwa Haki

Picha kupatikana kwenye intaneti si ruhusa ya kuitumia. Katika nchi nyingi hakimiliki huanza mara picha inapopigwa, bila kusajiliwa wala kuwekewa alama, hivyo picha isiyo na maelezo ya leseni ihesabiwe kuwa hairuhusiwi.

Anzia penye leseni zilizo wazi. Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2004, hupokea tu kazi ambazo yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara, na Openverse hupekua hazina nyingi kwa pamoja. Kwa sanaa ya kale, makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliachia mwaka 2017 picha nyingi chini ya CC0, yaani bila sharti lolote. Hata hivyo, matokeo ya utafutaji ni dalili tu. Fungua ukurasa wa asili usome leseni hapo, kisha ujiulize kama aliyeipakia ndiye aliyeipiga, kwa sababu mtu hawezi kutoa ruhusa juu ya mali isiyo yake. TinEye, tovuti ya kutafuta kwa kutumia picha yenyewe, yaweza kukuonyesha kama picha hiyo hiyo ilitangulia kuonekana kwingine kwa jina tofauti.

Alama za Creative Commons, yaani leseni zilizoandaliwa tayari ambazo mtayarishi huziweka kwenye kazi yake, ni chache: BY hudai umtaje mtayarishi, SA hudai kazi uliyoitohoa uitoe kwa leseni ile ile, ND hukataza kusambaza picha iliyobadilishwa, na NC hukataza matumizi ya kibiashara. Hii ya mwisho ndiyo inayokosewa zaidi, kwani hutazama matumizi yenyewe, si aina ya mtumiaji, na hivyo hata shirika la hisani laweza kuikiuka. Ukiwa na shaka, tafuta picha nyingine.

Kumtaja mtayarishi ni haki yake, na kuandika «picha kutoka intaneti» ni kumnyima. Andika karibu na picha jina la kazi, jina lake, chanzo na leseni pamoja na viungo, na useme ulichobadilisha, kwa mfano kwamba umekata kingo. Ukikosea chini ya toleo la 4.0 la leseni za Creative Commons, leseni hukatika, lakini hurudi yenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa.

Leseni hizi huhusu hakimiliki, wala si ridhaa ya mtu anayeonekana pichani. Mpigapicha aweza kuruhusu kila kitu, na bado ikawa ni dhuluma kuweka sura ya mama asiyejua lolote juu ya makala ya ugonjwa au katika tangazo. Kwa watoto na wagonjwa, naona ni heri kuacha kabisa pasipo ridhaa inayothibitika.

Mwishowe, hifadhi nakala ya ukurasa wenye leseni pamoja na tarehe uliyopakua. Mtayarishi anaweza kubadili leseni baadaye. Ruhusa ya Creative Commons uliyokwisha kuipata haifutwi maadamu unatimiza masharti, ila utahitaji ushahidi kwamba ilikuwapo.