Mguu kifundo: plasta ni wiki chache, viatu ni miaka minne

Mtoto akizaliwa na wayo uliogeukia ndani, ushike kwanza kabla ya kuogopa. Wayo unaofika mahali pake ukiusukuma taratibu kwa kidole kimoja ulibanwa tu tumboni, na mara nyingi hunyooka wenyewe. Mguu kifundo haukubali hivyo. Kisigino kimepanda juu na kugeukia ndani, unyayo umejikunja, na vidole vinatazama mguu wa pili. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Hausababishwi na kupatwa kwa mwezi wala na kisu alichoshika mama akiwa mjamzito.

Siku ya kwanza kliniki mtoto avuliwe nguo zote. Mgongo uangaliwe kama una uvimbe au kishimo chenye nywele, nyonga zichezeshwe, viwiko na magoti yakunjwe. Mguu kifundo unaoambatana na mgongo wazi au viungo vilivyokakamaa hutibiwa vilevile, lakini huhitaji plasta nyingi zaidi na hurudi kwa urahisi zaidi. Tiba ianze ndani ya wiki mbili za kwanza ikiwezekana. Aliyechelewa, hata kama ameshaanza kutembea, aletwe tu.

Njia inayotumika karibu dunia nzima ni ya daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliianza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha matokeo mwaka 1963, wenzake wakaendelea na visu vyao kwa miongo mingine mitatu. Mwaka 1995 watu aliowatibu utotoni, sasa wakiwa watu wazima, walipimwa: asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kati ya watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 85. Pengo ni dogo hivyo.

Angalia kidole gumba cha anayeshika

Mzazi si lazima ajue kufunga plasta, ila ajue kutazama. Upande wa nje wa wayo, mbele kidogo ya kifundo, kuna kinundu kinachojitokeza chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha talasi, mfupa ulio chini ya kifundo. Kidole gumba cha mtaalamu kikae hapo kitulie, mkono wake mwingine ukisogeza sehemu ya mbele ya wayo kwenda nje. Kinundu ndicho mhimili. Wayo wote huzunguka juu yake, na kisigino hufuata chenyewe bila kuguswa. Kidole kikiteleza mbele kidogo tu, kikabana katikati ya ukingo wa nje, kisigino kinafungwa kisizunguke. Plasta kumi zitaisha na kisigino bado kiko ndani. Kosa hili ndilo lililoivuruga njia ya plasta ya daktari Kite, iliyotawala Marekani kabla ya hapo.

Utaratibu nao haurukwi. Plasta ya kwanza hunyanyua mfupa wa kidole gumba cha mguu ili mkunjo wa unyayo ufunguke, na kwa macho ya mzazi mguu huonekana umepinda kuliko jana. Usishtuke. Plasta zinazofuata hupeleka wayo nje kidogo kidogo hadi nyuzi 60 au 70. Kuusukuma wayo kwenda juu huja mwisho kabisa. Anayeanza na hilo huvunja katikati ya wayo, na unyayo hubinuka kama tumbo la mtumbwi huku kisigino kikibaki juu kilekile.

Plasta (wengine huiita hogo) ipande hadi pajani, goti likunjwe nyuzi 90. Inayoishia chini ya goti ni kazi bure, kwani huteleza na wayo huzunguka humo ndani. Pamba iwe nyembamba, mizunguko miwili au mitatu, la sivyo mtaalamu anakanda pamba badala ya mguu. Hubadilishwa kila siku 5 hadi 7, na wengi humaliza kwa plasta 4 hadi 6. Anayetoka mbali aulize kama anaweza kufungwa mara tatu kwa wiki: utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2011 uligawa watoto kwa kura katika makundi mawili, na la mara tatu lilimaliza kwa siku 16 dhidi ya 42, matokeo yakilingana. Kwa mama anayelipia gesti mjini, tofauti hiyo ni pesa.

Mlete mtoto akiwa na njaa, anyonye wakati wa kufungwa. Misuli hulegea na mkono wa mtaalamu huhisi vizuri. Nyumbani, bonyeza vidole vya mguu mara kadhaa siku ya kwanza: viwe vyeupe, kisha wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Vikiwa baridi, vyeusi au vimevimba, rudi kliniki hata kama ni usiku. Vikizama ndani ya plasta, plasta imeshuka. Irudishwe siku hiyohiyo, kwa sababu plasta iliyoshuka huumiza mguu na kuuvimbisha. Usiiloweshe na kuivua usiku wa kuamkia kliniki. Mguu uliolala bila plasta hupoteza sehemu ya safari iliyokwishapigwa.

Kila ziara dai kuona alama za Pirani, kipimo cha ukali wa mguu. Ni dalili sita, kila moja 0 (kawaida), 0.5 au 1 (mbaya zaidi). Tatu za katikati ya wayo, tatu za kisigino. Za katikati zikishuka karibu na sifuri huku za kisigino zikigoma, kano ya kisigino ikatwe. Watoto 8 au 9 kati ya 10 hufika hapo. Ni ganzi ya palepale, tundu dogo sentimita 1.5 hivi juu ya kisigino, bila kushona. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3, na kano huunga upya ikiwa ndefu. Doa la damu kwenye plasta ni la kawaida. Linalozidi kutanuka si la kawaida.

Viatu

Hapa ndipo miguu mingi hupotea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulitafuta kinachourudisha ugonjwa. Ukali wa mguu wa mwanzo haukuwa jibu, wala umri wa kuanza tiba. Jibu lilikuwa viatu kuachwa.

Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, huvaliwa plasta ya mwisho ikishatolewa. Vya aina ya Steenbeek, vilivyobuniwa katika kituo cha Katalemwa, Kampala, hutengenezwa na fundi wa hapahapa kwa ngozi na chuma cha kawaida. Mguu uliotibiwa hugeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70, mzima 30 hadi 40. Umbali kati ya visigino uwe sawa na upana wa mabega: pima kwa utepe, kwa kuwa chuma kifupi ndicho sababu ya vilio vingi vinavyoitwa ukaidi. Saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka miaka 4.

Soksi ya pamba isiyo na mkunjo. Anza na mguu mgumu zaidi. Kunja goti, ingiza wayo, kandamiza kisigino chini, kaza mkanda wa kati kwanza ndipo ufunge kamba. Weka alama ya kalamu kwenye kiatu vidole vilipofika. Alama ikionekana mbele ya vidole kesho, kisigino kimenyanyuka. Wekundu unaofifia baada ya nusu saa hauna neno. Lengelenge lina neno, na usilipake mafuta. Mfundishe kupiga miguu yote pamoja kwa kukisukuma na kukivuta chuma kama mchezo. Usiku mbili tatu za mwanzo zitakuwa ndefu, lakini ukivua akilia, amejifunza njia ya kuvivua.

Mguu ukichomoka kila usiku, kabla ya kumlaumu mama, upimwe upya. Usipopanda juu nyuzi 15 zaidi ya usawa, kano haikukatwa vya kutosha au haikukatwa kabisa, na hakuna kamba itakayoshikilia wayo kama huo. Arudi kwenye plasta.

Wayo mfupi na mnene wenye mkunjo mmoja mrefu uliokatiza unyayo mzima, kidole gumba kimesimama juu, ni aina nyingine: usipelekwe nje zaidi ya nyuzi 40, la sivyo huvimba.

Anayekanyaga kwa ukingo wa nje baada ya kutimiza miaka 2 na nusu, ingawa viatu vilivaliwa, hupigwa plasta mbili tatu tena, kisha kano ya mbele ya mguu huhamishiwa katikati ya wayo. Na viatu vikibana mbele, tafuta saizi inayofuata. Usikate ncha ya ngozi ili vidole vitokeze.