Senti zisipotee: namna ya kuhesabu pesa ndani ya programu

Ripoti ya mwezi inatofautiana na jumla ya risiti kwa senti chache, na kila ukikagua mstari mmoja mmoja unauona uko sawa. Mara nyingi chanzo ni kwamba bei zimehifadhiwa katika `float` au `double`, aina za namba zenye desimali. Jaribu hii kwenye Python:

```
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
>>> int(19.99 * 100)
1998
```

Senti moja imepotea hapo bila onyo lolote. JavaScript, Java, Go na C nazo zinahesabu hivyohivyo, maana zote zinafuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo inahifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, katika biti 64. Kwa mfumo huo moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali: 0.3333 na kuendelea. Kwa hiyo kompyuta inaikata mahali fulani. Kuanzia senti 00 hadi senti 99, ni nne tu zinazohifadhika bila kupunjwa: 00, 25, 50 na 75. Nyingine 96 ni makadirio.

Dawa ni kuhifadhi kila kiasi kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Shilingi 1,500.50 ya Kenya inakuwa 150050. Kujumlisha na kutoa namba kamili hakuna makadirio yoyote.

Usizidishe kwa 100 kila mahali

Kiwango cha ISO 4217 kinaeleza kila sarafu ina desimali ngapi. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina mbili. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Riali ya Oman ina tatu, kwa kuwa riali moja ni baisa 1,000. Programu inayozidisha kila kitu kwa 100 itamtoza mteja wa Kampala mara mia ya bei, na itashindwa kuandika baisa 5 za Muscat. Weka jedwali hili mahali pamoja, na kila kiasi kiambatane na jina la sarafu yake:

```
from decimal import Decimal

DESIMALI = {"TZS": 2, "KES": 2, "UGX": 0,
            "RWF": 0, "BIF": 0, "OMR": 3}

def kipimo_kidogo(maandishi, sarafu):
    kiasi = Decimal(maandishi).scaleb(DESIMALI[sarafu])
    if kiasi != int(kiasi):
        raise ValueError("desimali zimezidi")
    return int(kiasi)
```

Angalia kwamba kinachoingia ni maandishi. `Decimal("0.1")` ni moja ya kumi kamili, lakini `Decimal(0.1)` inarithi kosa la `float` na kukupa 0.1000000000000000055 na mkia mrefu. Java ni vilevile: tumia `new BigDecimal("0.1")`, alama za nukuu zikiwepo. Ukiwa huko Java, linganisha kwa `compareTo`. Njia ya `equals` inasema 2.0 na 2.00 ni vitu tofauti.

Kabla ya kufika hapo, safisha alichoandika mtumiaji. Anayeandika 1,500 Dar es Salaam anamaanisha elfu moja na mia tano. Aliyezoea uandishi wa Kifaransa, kama ilivyo Kongo, huweka mkato penye desimali. Usibahatishe: amua mtindo kwa mpangilio wa lugha ya mtumiaji, kisha mwonyeshe kiasi ulichoelewa kabla hajathibitisha malipo.

Hifadhidata

Kwenye PostgreSQL na MySQL tumia `bigint`. `integer` ya kawaida inakomea 2,147,483,647. Ukihesabu kwa senti, hiyo ni shilingi milioni 21.47 tu, kiasi ambacho ankara moja ya vifaa vya ujenzi Tanzania inaweza kukipita. Ukipendelea desimali, `numeric(18,2)` inafaa pia, ila Oman itakudai tatu. SQLite inahitaji tahadhari zaidi: ukitangaza safu kuwa `DECIMAL`, itakubali bila kulalamika, lakini thamani zenye nukta itazihifadhi kama namba za biti 64 zilezile tunazozikimbia. Humo weka `INTEGER`.

JavaScript inazihifadhi namba kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,991. Kwa duka au hata kampuni kubwa hiyo inatosha. Ikibidi kupita hapo, `BigInt` ipo, lakini `JSON.stringify` inaikataa kwa kosa la `TypeError`, kwa hiyo itume kama maandishi.

Kodi, na wakati wa kukadiria

Kuzidisha kwa asilimia na kugawanya ndiko kunakoleta sehemu za senti, na hapo lazima uchague: unakadiria vipi hadi senti kamili, na lini?

Chukua bidhaa ya shilingi 500 Kenya, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ikiwa ndani ya bei. Kodi ni 500 × 16 ÷ 116, yaani 68.9655, nawe unaandika 68.97. Mteja akinunua saba na ukakadiria kila moja, jumla ya kodi ni 482.79. Ukikadiria mara moja tu kwenye jumla ya 3,500, unapata 482.76. Senti tatu kwa risiti moja! Zidisha kwa mauzo ya siku nzima, na mhasibu ana haki ya kuuliza. Muulize yeye mapema, andika jibu lake kwenye msimbo, na utumie kanuni hiyohiyo kwenye risiti, ripoti na marejesho. Kuchanganya kanuni mbili kuna madhara zaidi kuliko kuchagua yoyote kati yake.

Hesabu yenyewe inaweza kubaki kwenye namba kamili. Kanuni hii inapandisha nusu juu, kwa viasi chanya:

```
def vat_ndani(senti, asilimia=16):
    chini = 100 + asilimia
    return (senti * asilimia * 2 + chini) // (chini * 2)
```

Usitegemee `round` ya lugha. Python inapeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo `round(2.5)` ni 2. Katika JavaScript `Math.round(2.5)` ni 3, lakini `Math.round(-2.5)` ni -2. Seva ya Python na kivinjari vikikadiria kila kimoja kivyake, mteja ataona bei moja kwenye kikapu na nyingine kwenye risiti. Acha seva pekee ikadirie.

Kugawana

Shilingi 100,000 kwa watu watatu: 33,333 mara tatu ni 99,999. Ile moja iliyobaki lazima impate mtu.

```
def gawa(jumla, watu):
    sehemu, baki = divmod(jumla, watu)
    return [sehemu + 1] * baki + [sehemu] * (watu - baki)
```

Jibu ni 33,334, 33,333 na 33,333. Sasa jaribu kurudisha pesa kwa `gawa(-100000, 3)`. Jumla inatimia, lakini orodha inakuwa -33,333, -33,333, -33,334: wa kwanza anabaki na shilingi moja, na wa tatu ananyang'anywa moja. Sababu ni kwamba Python inashusha mgawanyo wa namba hasi kuelekea chini, ilhali Java, Go na C zinakata kuelekea sifuri, na huko baki litakuwa -1, fomula ivurugike kabisa. Gawa kiasi chanya kwanza, ndipo ugeuze alama.

Kama mfumo tayari unatumia `double`

Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, na ufanye majaribio kwenye nakala hiyo. Kwenye PostgreSQL ongeza safu mpya na uijaze:

```
ALTER TABLE malipo ADD COLUMN kiasi_senti bigint;
UPDATE malipo
   SET kiasi_senti = round(kiasi::numeric * 100)
 WHERE sarafu IN ('TZS', 'KES');
```

Kubadili aina ya safu ileile moja kwa moja kunaandika upya jedwali zima na kulifunga wakati huo, malipo yasipite. Kwa jedwali kubwa, jaza kwa mafungu ya mistari elfu chache.

Kisha tafuta mistari ambayo `kiasi * 100` imepishana na `kiasi_senti` kwa zaidi ya 0.01. Hiyo ina sehemu za senti zilizoingizwa na hesabu ya zamani, na kila mmoja unahitaji uamuzi wa mhasibu. Msimbo uandike kwenye safu zote mbili hadi mwezi mmoja wa hesabu ufungwe bila tofauti, ndipo uifute ya zamani.