Jinsi ya kuchagua shairi lako bora la muhula na kuliandikia tafakuri

Habari zenu wadau, hasa wanafunzi wa sekondari na walimu wenzangu wa Kiswahili. Kila mwisho wa muhula nawapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi moja ambayo wengi wanaidharau mwanzoni: chagua shairi lako bora kati ya yote uliyotunga darasani, alafu andika ukurasa mmoja kueleza kwa nini ni hilo. Ninachopata mara nyingi ni "nimelichagua shairi hili kwa sababu lina mafunzo mazuri kwa jamii", basi, imeisha hiyo. Sasa leo naandika jinsi tunavyofanya darasani kwangu hatua kwa hatua, na nitatumia mfano wa binti mmoja niliyemfundisha huku Tanga, kaniruhusu nitumie beti zake ila jina nitamwachia mwenyewe.

Hatua ya 1: Kusanya kila kitu mpaka rafu

Usilete zile nakala safi tu. Nataka karatasi za rafu, nyuma ya daftari la hesabu ulikojaribia vina (silabi za mwisho zinazofanana), hata ile meseji uliyojitumia usiku ili usisahau mstari. Kama karatasi imechakaa piga picha na simu uitunze. Na kuanzia leo usifute kwa raba, kata kwa mstari mmoja ili neno la zamani liendelee kusomeka, maana tafakuri yote inatoka humo kwenye mikato.

Kutunza maandishi sio jambo dogo jamani. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840, na mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu miaka mingi baadae Mwalimu Sikujua, msomi wa hukohuko Mombasa, alihangaika kuyakusanya kutoka kwenye kumbukumbu za watu, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayaweka kwenye maandishi. Wewe unayo simu mfukoni, hauna sababu ya kupoteza.

Hatua ya 2: Ficha maksi, soma kwa sauti

Kunja ile kona yenye maksi kabisa usiione. Soma yote kwa sauti, ukiweza ghani (soma kwa mahadhi), alafu tenga matatu. Mi huwa nawauliza maswali mawili tu: lipi unaweza kulisema ubeti mzima bila kuangalia karatasi, na lipi ulilibadilisha zaidi kabla ya kulikabidhi?

Yule binti alikuwa na shairi la amani ambalo mimi mwenyewe nilimpa 17 kwa 20, vina vimetulia, mizani (hesabu ya silabi za kila mstari) haina hata mmoja uliopungua. Na alikuwa na la mama yake anayeuza vitumbua, nililompa 11 kwa sababu beti mbili zilikuwa na kasoro za mizani. Akachagua la 11. Nikamwuliza una uhakika? Akanijibu, "Mwalimu, lile la amani hata mtu mwingine angeliandika." Kwa kweli nililisoma upya la amani jioni ile nikaona yuko sahihi, hamna mstari hata mmoja mle ndani ambao ni wa kwake.

Hatua ya 3: Tafuta pale lilipogeuka

Hapa ndo penye kazi, kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote. Weka rafu ya kwanza na nakala ya mwisho pembeni kwa pembeni utafute sehemu moja, moja tu, ambapo shairi liliacha kuwa la kila mtu likawa la kwako.

Rafu ya binti ilianza hivi:

Mama yangu nakupenda, wewe ndiwe nguzo yangu

Hesabu, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) una mizani 8, utao (nusu ya pili) una 8, kiarudhi, yaani kwa kanuni za ushairi, mstari hauna shida. Ila ni mama wa nani huyo? Baada ya kukatakata mara tatu akafika hapa:

Saa kumi waamka, unga uko kwenye kucha,
Mchele umeumuka, na bado hakujakucha

Ona alichofanya. Neno "kupenda" limeondoka kabisa lakini mapenzi yamebaki, yako pale kwenye unga uliokauka kwenye kucha za mama. Alafu kina cha mwisho ni kucha na kucha, ya kwanza ya vidole, ya pili ya kupambazuka, yaani sauti ni moja na maana ni mbili. Na kwenye rafu kulikuwa na mkato mwingine mdogo ambao mimi ndo ulinifurahisha zaidi: mwanzo aliandika "na bado hakujacha", akahesabu akapata mizani 7, akarudi akaweka "hakujakucha" ikatimia 8. Ule mkato mmoja unaonyesha mtu anayesikiliza lugha yake.

(Wanaoanza, kumbukeni ile m ya "mchele" na ya "waamka" ni mizani kamili, msiiruke mnapohesabu.)

Kama shairi lako ni huru lisilo na vina hatua hii haibadiliki, we tafuta tu ulipokata mstari na kwa nini uliukatia pale.

Hatua ya 4: Andika

Anza moja kwa moja na ile sehemu, sio na historia ya maisha yako wala maana ya ushairi. Tumia "mimi" bila woga. Nukuu mstari wa zamani, nukuu mpya, eleza kilichotokea katikati. Yeye aliandika hivi: "Nilikuwa nimekaa jikoni naandika namna ninavyompenda mama, nikamwona anajikwangua unga kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti, nikakata mstari wote." Sentensi moja hiyo, na mi kama mwalimu nimeshajua kila kitu nilichotaka kujua.

Maneno kama ukwapi, utao, kina, kibwagizo (mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti) yatumie pale yanapokusaidia kuonyesha kitu. Kuandika "nimetumia tamathali za semi" bila kuonyesha hata moja haisaidii.

Hatua ya 5: Taja kilichobaki kibovu

Wengi wanaogopa hapa wakidhani watapunguziwa maksi. Kwangu unaongezewa. Binti alisema wazi kwamba ubeti wa nne kimalizio (mstari wa mwisho) kina mizani 15 badala ya 16, ameshajaribu mara nyingi na kila akiongeza neno linakuwa la kujazia tu, kwa hiyo ameamua kukiacha kipungue kuliko kudanganya. Huo ni uamuzi wa mtunzi, nauheshimu sana.

Hatua ya 6: Msomee mtu anayekijua unachokizungumzia

Sio mwalimu, sio rafiki yako wa dawati moja. Ukitunga juu ya uvuvi msomee mvuvi, ukitunga juu ya daladala msomee konda. Binti akaenda kumsomea mama yake, tena jikoni kulekule, wakati anaweka mafuta kwenye chuma cha vitumbua. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Mwanangu, saa kumi si ndo nakuwa nimeshachoma sufuria la kwanza? Mi naamka saa tisa."

Kesho yake asubuhi kaja darasani na karatasi, "kumi" imekatwa kwa mstari mmoja, juu yake ameandika "tisa". Mizani 8 ileile.