Difu za Land Cruiser: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuziimarisha kwa Safari za Porini

Anayejiandaa kwa safari ya porini huanza na tairi, akaja springi, akamalizia na winchi. Difu, ile gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hukumbukwa siku inapoanza kulia. Naandika kwa wenye Land Cruiser za ekseli nzima mbele na nyuma (ekseli moja ngumu inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), yaani 80 na zile za familia ya 70 ambazo huku kwetu zinabeba watalii, wagonjwa, walimu na magunia ya mahindi. Ndizo nilizokaa chini yake kwa miaka.

Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize gari litafanya kazi gani. Kule Kenya, tangu 1989, kuna shindano la Rhino Charge ambalo mshindi wake si mwenye mbio bali aliyefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Gari la namna hiyo linapanda miamba na kushuka makorongo pasipo na njia, na difu zake lazima zijengwe kwa ajili hiyo. Gari linalotoka Arusha kwenda Serengeti na abiria saba, mizigo juu na mafuta ya akiba lina adui mwingine: uzito, joto, na udongo wa mbuga wakati wa masika. La kwanza linahitaji gia ngumu na loki za mbele na nyuma, yaani vifaa vya kufunga difu ili magurudumu yake mawili yazunguke pamoja. La pili mara nyingi linahitaji beringi mpya, sili nzima, oili safi na loki moja ya nyuma. Nimeona watu wakinunua vifaa vya shindano kwa gari la kubebea watalii, huku beringi ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, ikiwa imeshachoka.

Hesabu kidogo itakusaidia kuona mzigo wenyewe. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 285. Gia ya kwanza inaizidisha kama mara 4, lo, ile gia ya nguvu ya fowili, inaizidisha tena kama mara 2.5, na difu ya 4.1 (pinioni huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu) inamalizia. Zote pamoja ni mara 41, yaani zaidi ya Nm 11,600 kwenye ekseli bila kuhesabu upotevu. Sasa vaa tairi za inchi 35 mahali pa 31. Kipenyo kimeongezeka kwa karibu asilimia 13, na ili gari lipande kilima kilekile kwa msukumo uleule, ekseli na difu zitabeba mzigo ulioongezeka kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana swali la tairi linatangulia swali la difu. Ukibadilisha tairi baadaye, hesabu ya fundi wako imevurugika.

Wengi hurekebisha kwa kuweka gia fupi zaidi, tuseme 4.88 badala ya 4.1, na gari linarudisha uchangamfu wake. Ni uamuzi mzuri, ila ujue gharama yake. Kraunwili, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, haiwezi kukua kupita ganda la difu, kwa hiyo pinioni ndiyo inayopunguzwa meno na kuwa nyembamba. Umepata nguvu tairini, umepoteza unene kwenye jino. Na ukibadilisha uwiano nyuma, badilisha na mbele. Uwiano usiolingana, ukiingiza fowili kwenye ardhi kavu, utavunja kitu ndani ya muda mfupi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo magari ya 80 yanapowaumiza watu. Difu ya nyuma ina kraunwili ya inchi 9.5, ya mbele ni inchi 8 tu. Meno ya hiyo ya mbele yamekatwa ili yabebe vizuri gari linapokwenda mbele. Ukirudi nyuma, mzigo unahamia upande wa pili wa jino, ambao ni dhaifu zaidi, na pinioni inasukumana na kraunwili kana kwamba zinataka kuachana. Difu yangu ya mbele ilikatika kwenye korongo upande wa Ziwa Natron, nikiwa kwenye lo na loki, nikirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta ili nijinasue. Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu. Tangu siku hiyo, nikikwama, kwanza nachukua koleo na kupunguza upepo wa tairi. Kurudi nyuma ni kwa mguu mwepesi, na loki ya mbele ikiwa imefunguliwa.

Loki yenyewe inahitaji kueleweka. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, kwa hiyo gurudumu moja likiteleza, la pili nalo linapata kidogo. Loki inaondoa kizuizi hicho, lakini maana yake ni kwamba gurudumu moja lililoshika linaweza kupokea nguvu yote ya ekseli. Shafti yake inabeba karibu maradufu ya ilichozoea. Mbele ni hatari zaidi, kwa sababu jointi ya gurudumu huwa dhaifu sana usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Kwa hiyo kama unaweka loki ya mbele, weka hesabu ya jointi na shafti imara pamoja nayo. Vinginevyo umehamisha tu mahali pa kuvunjika.

Kinachovunja zaidi ya nguvu yenyewe ni kishindo. Gurudumu linazunguka hewani, linatua kwenye jiwe, linashika ghafla, na mwendo wote ule unarudi kwenye meno. Gari likianza kurukaruka, ondoa mguu papo hapo.

Kabla ya kufungua chochote, mwaga oili na uiangalie. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikizama mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kipumulio, yaani kitundu cha difu cha kupitishia hewa, kimeziba, maji yanavutwa kupitia sili. Dawa ni rahisi kuliko zote nilizozitaja: vuta mpira wa kipumulio hadi juu, karibu na bonethi, kwa ekseli zote mbili. Angalia pia sumaku ya nati ya kumwagia. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vyenye kona si vya kawaida.

Kuhusu fundi, muulize atapimaje. Nafasi kati ya meno ya kraunwili na pinioni kwa Toyota hizi iko karibu milimita 0.13 hadi 0.20, na hakuna kidole kinachoweza kuhisi tofauti hiyo. Anahitaji saa ya kupimia, shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za unene mbalimbali, na rangi ya kupaka kwenye meno ili aone yanagusana wapi. Asiye na vifaa hivyo anabahatisha, hata awe na miaka thelathini gerejini. Mwombe pia asirudishe ile bushi ya pinioni inayokunjwa inapokazwa. Bushi ngumu yenye shimu inashikilia mkazo wa beringi hata baada ya vishindo vingi.

Gia mpya zisipelekwe porini siku ya pili. Endesha taratibu, bila kuvuta mzigo, na katika safari za mwanzo simama difu ipoe. Baada ya kilomita kama 800 badilisha oili, weka ya daraja la GL-5, ile ya gia za difu, isiyochakachuliwa, kisha ndipo upange safari.

Beba shafti moja ya akiba kwa kila upande zinapotofautiana urefu, sili, oili ya kujaza difu moja, na spana za kufungulia propshafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Kule Natron tulitoa propshafti ya mbele na flanji zinazounganisha shafti na magurudumu ya mbele, tukafunika vitovu kwa vipande vya tyubu vilivyokazwa kwa waya, tukaloki difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, gari likaja kwa magurudumu ya nyuma peke yake hadi Mto wa Mbu.