Kugeuza Nakala ya Shajara ya Kidijitali kuwa Kurasa za Wavuti

Anayeandika shajara yake kwenye simu hana budi kujiuliza ataisomaje siku programu ile itakapoacha kufanya kazi. Programu ya shajara ya Day One, kwa mfano, hutoa nakala ya shajara katika faili moja la ZIP (furushi la mafaili lililobanwa), ambalo ndani yake mna faili la JSON (data iliyopangwa kwa ajili ya programu) lenye maandishi yote na folda ya picha iitwayo photos. Maandishi hayo yamehifadhika, ila hayasomeki kwa raha. Kurasa za HTML, yaani kurasa za wavuti, hufunguka kwenye kivinjari chochote bila bando wala akaunti, hata zikiwa kwenye flashi.

Nakili kwanza ZIP hiyo mahali pawili, kisha ufungue nakala moja tu. Skripti, yaani programu fupi utakayoiandika, isome humo bila kubadili chochote, na kurasa ziandikwe kwenye folda nyingine.

Kwa kazi hii lugha ya programu ya Python inatosha. Skripti hufungua JSON, hupita katika orodha ya entries (maandiko), na kwa kila andiko huchukua uuid (kitambulisho chake cha pekee), creationDate (wakati lilipoandikwa), timeZone (ukanda wa saa) na text (maandishi). Maandishi yako katika mtindo wa Markdown, unaotumia alama nyepesi kuonyesha vichwa, herufi nzito na picha, kwa hiyo yapitishe kwenye maktaba ya markdown ili yawe HTML. Jina la ukurasa liundwe kwa tarehe pamoja na uuid, kwani siku moja yaweza kuwa na maandiko matatu, na bila uuid la mwisho litayafuta yaliyotangulia.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni kwenye saa. creationDate huandikwa kwa saa za UTC (saa za kimataifa, zinazoonyeshwa kwa herufi Z mwishoni), nasi Dar es Salaam tuko mbele kwa saa tatu. Usiku mmoja wa masika, maji ya Mto Msimbazi yalipotusogelea pale Kigogo, niliandika aya mbili saa saba usiku; skripti yangu ya kwanza ikaziweka kwenye tarehe ya jana yake, kabla mvua yenyewe haijaanza kunyesha. Andiko lenye 2024-04-12T22:00:00Z ni la usiku wa kuamkia tarehe 13. Tumia zoneinfo, maktaba ya kanda za saa iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, na uipe thamani ya timeZone, ambayo kwetu ni Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye Windows sakinisha pia tzdata, yaani data ya kanda hizo. Usiongeze saa tatu kwa mkono, maana andiko ulilolifanya safarini Uingereza litaharibika.

Ukitaka saa isomeke kwa Kiswahili, tumia (saa - 6) % 12, ambapo % ya Python hutoa baki la kugawanya, na jibu likiwa 0 uandike 12. Saa 1 ya kompyuta itatoka 7, yaani saa saba.

Ndani ya maandishi, picha hutajwa kwa anwani inayoanza na dayone-moment:// ikifuatwa na identifier (kitambulisho cha picha), ilhali faili lenyewe limepewa jina la md5 (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye faili hilo). Skripti itafute identifier hiyo katika orodha ya photos ya andiko husika, isome md5 na type (aina ya faili), kisha ibadilishe anwani iwe njia ya faili. Kila ukurasa uwe na meta charset ya utf-8, inayokiambia kivinjari jinsi ya kusoma herufi.

Ukurasa wa index, yaani wa mwanzo, upange viungo kwa mwaka na mwezi. Ukimaliza, linganisha idadi ya kurasa na idadi ya maandiko, zima intaneti, kisha fungua yale ya usiku wa manane na yale yenye picha.